Kaburi la Upande wa Mama

Antananarivo, 11 Juni 2012

Mama yangu mpenzi,

Watu wakiandika barua husema sisi huku wazima, hofu ni kwenu. Safari hii hofu iko huku kwangu, wewe kaa tu unywe maji yako yaliyochemshwa na ukoko wa wali. Nakuandikia kwa sababu simu kwako ni mbu sikioni, na jambo lenyewe si la kupigiwa kelele.

Shule ndogo aliyokuwa akisoma Fitia imefungwa, na lazima tumpatie nyingine kabla ya Oktoba. Hapa nyumbani imekuwa vita. Tahina anataka mwanawe aende ile kubwa ya Kifaransa aliyosoma yeye. Mama mkwe wangu, Mama Bakoly, anataka kwa watawa, ambako watoto wanakariri mpaka jasho linawatoka na hakuna anayefungua mdomo kabla hajaulizwa. Mimi nimekwenda kuiona ya tatu, peke yangu, bila kumwambia mtu.

Huko asubuhi wanafundishwa kwa Kimalagasi, mchana kwa Kifaransa. Na hawaanzi na jibu, Mama, wanaanza na swali. Niliwakuta watoto wamechuchumaa kuzunguka beseni la udongo wa shamba la mpunga, wanabishana kwa nini maji hayazami. Mwalimu wao anaitwa Hanta, mwembamba, sauti ya chini. Nilitegemea awaambie. Akasema, "Sijui. Tufanyeje ili tujue?" Mwalimu mzima! Halafu kitoto kimoja cha kike kikanigeukia na matope yake mikononi: "Mama, wewe unafanya kazi gani, na kwa nini?" Nikamwambia nashona. Hiyo kwa nini ikanishinda.

Nilitoka pale nimeipenda shule, na nimeiogopa. Unakumbuka Pasaka? Wewe na Fitia mlikaa pande mbili za jiko kama watu wanaongoja kuitwa na daktari. Yeye ana Kifaransa chake, wewe una Kimalagasi chako, na mimi katikati natafsiri habari za wali. Sitaki akuzike bila kuwahi kuzungumza nawe. Lakini mtoto anayefundishwa kuuliza hachagui cha kuuliza. Unanielewa. Nipe neno lako.

Mwanao,
Noro


Ambalasoa, 24 Juni 2012

Mwanangu Noro,

Barua imefika, na sabuni imefika, Solofo dereva ameiba mche mmoja tu. Mimi mzima, ila masikio. Mjukuu wangu kuzungumza nami! Nimeisoma hapo mara tatu.

Sasa nakujibu la pili. Umesahau wale wanaume wanne? Kabla hujaolewa, ukoo wa Tahina uliwatuma kuja kutuchunguza. Hawakuniuliza nina ng'ombe wangapi wala nasali wapi. Waliuliza moja tu: kaburi lenu liko wapi. Kwa sababu asiye na kaburi la mawe anajulikana: babu zake walinunuliwa, walikuwa watumwa, na damu yake hailazwi pamoja na damu ya watu. Ilikuwa siku ya gulio, kijiji kitupu. Nikawapeleka mpaka kaburi la akina Ramaro, ambao mama yangu aliwafulia nguo, na bibi yangu walimmiliki. Nikamwaga pombe ya miwa juu ya jiwe lao, nikawaita wafu wa watu wengine "baba zangu". Wale wanne wakavua kofia. Ukaolewa.

Wafu hawapendi kudanganyiwa, Noro. Mwezi uleule masikio yakaanza kuziba, na mimi najua ni lawama ya nani. Tumeishi miaka yote hii kwa kutoulizwa, leo unataka kulipa ada mtoto afundishwe kuuliza? Mpeleke kwa watawa. Atakariri, atakuwa salama.

Ila ukimpeleka huko kwa lugha mbili sitakulaumu. Nitafurahi na nitaogopa, vyote kwa pamoja.

Mama yako,
Razafy


Antananarivo, 9 Februari 2013

Kwa Bibi yangu Razafy,

Hii barua nimeiandika MWENYEWE kwa Kimalagasi. Mwalimu Hanta hajasahihisha, anasema makosa ni mali yangu niyatafute. Hujambo? Kuku wako asiye na mkia hajambo? Kwa nini hana mkia, alizaliwa hivyo au alinyang'anywa? Nataka jibu la kweli, nimeweka dau na Mialy wa darasani kwetu.

Bibi, mwezi huu darasani tunachunguza "Tunatoka wapi". Kila mtu anauliza wazee wake majina na kazi, na kaburi la ukoo liko wapi, halafu anachora ramani. Mwezi wa tatu wazazi na mabibi watakuja kutazama, na sisi tutaeleza kwa lugha zote mbili. Bibi Bakoly ameshanipa ya kwao. Kaburi lao lina mlango wa chuma na rangi ya buluu, na siku moja na mimi nitalala humo, lakini bado sana.

Upande wa Mama sina kitu. Nilimuuliza, akasema ana kazi. Nikamuuliza tena, sindano ikamchoma kidole. Nikamuuliza Baba, akasema kamuulize Mama. Mwalimu Hanta anasema ukikosa jibu kwa mtu mmoja nenda kwa mtu aliyekuwepo. Wewe ulikuwepo. Kaburi letu liko wapi, na ndani yumo nani?

Jibu mpe Solofo. Mkewe anauza vitumbua mlangoni kwa shule yetu, atanipa mkononi. Usimtume Mama, atachomwa tena.

Mjukuu wako,
Fitia (miaka minane na nusu)


Ambalasoa, 13 Februari 2013

Fitia wangu,

Nimeisoma barua yako nikamwita jirani aje aione. Mtoto wa Antananarivo huyo! Nikalia kidogo, kwa furaha, usihofu.

Kuku alinyang'anywa mkia na mbwa wa mchungaji wetu. Shika dau lako.

Kaburi. Nimekaa na swali lako siku mbili. Ningeweza kukuambia uongo, na ungekuwa mzuri, maana nimewahi kuutumia. Lakini uongo juu ya wafu nimeusema mara moja, na bei yake ni masikio yangu. Sina cha kulipia wa pili.

Sisi hatuna kaburi la mawe, mjukuu wangu. Babu wa mama yangu alinunuliwa sokoni pamoja na mitungi miwili. Watu wetu wamelala kwenye udongo, nyuma ya mikaratusi, upande wa magharibi, ambako maji ya mashamba yanaishia. Hawana mlango. Hawajawahi kutolewa na kuvishwa sanda mpya kwa sherehe kama wafu wa wengine, hata mara moja, maana hatukuthubutu kupiga ngoma kwa ajili yao.

Umeniuliza kwa lugha yangu, nami nimekujibu. Bibi Bakoly hajui. Baba yako hajui. Wakijua, huenda ule mlango wa buluu ukafungwa kwako na kwa mama yako. Kwa hiyo swali ulilouliza ni zito, na sasa tunalibeba wawili.

Bibi yako


Antananarivo, 14 Februari 2013

Mama,

Nimesikia leo kutoka kwa mke wa Solofo kwamba Fitia amekutumia barua. Usimjibu! Kama hujajibu, mwandikie haya: ukoo wetu ni wa Ambalasoa, kaburi ni la mawe, kaskazini mwa kijiji, basi. Asiulize zaidi.

Na lile neno uliloandika mwaka jana usiliandike tena kwenye karatasi. Barua ile niliichoma jikoni, nikakoroga majivu.

Hujui ninavyoishi. Mama Bakoly anakuja kila Jumapili, ananikalia kwenye kochi, anasema "sisi watu wa kaburi moja", na mimi namtilia chai. Mwezi uliopita binamu wa Tahina alikatazwa kumzika mkewe kaburini kwao. Miaka thelathini ya ndoa, watoto watano, na siku ya maziko mtu mmoja akanong'ona habari za bibi wa huyo marehemu. Jeneza likazungushwa uani kama meza isiyopata mahali pa kuwekwa. Mama Bakoly alinisimulia huku anakula keki. Nikamwona Fitia wangu ndani ya jeneza lile.

Nilidhani nachagua shule. Nimemwingiza mchunguzi nyumbani kwangu mwenyewe, tena namfungia chakula cha mchana kila asubuhi. Nikimtoa sasa, Tahina atauliza sababu. Kila upande ni swali. Nifanyeje?

Noro


Ambalasoa, 20 Februari 2013

Noro,

Nimeipata. Tulia. Mtoto nimemjibu, nimemweleza habari za kuku wangu na mbwa wa mchungaji. Atafurahi.

Kula vizuri. Usishone usiku.

Mama


Antananarivo, 17 Machi 2013

Bibi,

Barua yako niliisoma chooni mara mbili, kisha nikaiweka ndani ya soksi ya baridi ambayo hainitoshi tena. Dau nimelipata, karanga tano.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kueleza. Walijaa mpaka dirishani. Bibi Bakoly alivaa kofia yake ya Krismasi na akakaa mbele. Mama alisimama nyuma karibu na mlango, na uso wake ulikuwa rangi ya unga.

Asubuhi nilikuwa nimechora ile mikaratusi, Bibi. Niliichora vizuri, na mashamba, na mahali maji yanapoishia. Lakini nilipomwona Mama nikageuza karatasi, nikachora haraka upande wa pili kaburi la mawe lenye msalaba.

Kwa Kimalagasi nilisema jina lako, na jina la mama yako, kwamba alifua nguo, na habari za kuku. Yote kweli. La kaburi nililisema kwa Kifaransa peke yake. Je, na kwa Kifaransa wafu wanasikia? Mwalimu Hanta aliniuliza, "Umejuaje haya, Fitia?" Yeye huuliza hivyo kila mtu. Nikasema Bibi ameniambia. Akanitazama, akasema ahsante. Watu wakapiga makofi, na Bibi Bakoly akapiga kuliko wote, akaomba mchoro wangu auweke ukutani kwake. Sasa mikaratusi imetazama ukuta.

Mama hajaniuliza kitu. Mimi pia sijamwambia. Masikio yangu nayapima kila asubuhi kwa saa ya Baba, mpaka leo naisikia.

Fitia


Antananarivo, 3 Aprili 2013

Mama,

Kwa hiyo ulimweleza habari za kuku.

Jana nilikuwa napanga nguo za baridi, nikakuta barua ndani ya soksi. Nilikaa chini sakafuni na nguo zote mapajani. Nilikasirika nawe mpaka kichwa kikauma, nitakudanganya nikisema sikukasirika. Halafu nikafikiri juu ya siku ile shuleni. Nilimshukuru Mungu, Mama! Nilimshukuru kwa kuwa mtoto hakujua kitu, ndiyo maana alisema vizuri vile, hakukwama hata mara moja. Kumbe alijua yote. Alinitazama usoni, akaninusuru. Ana miaka minane. Nimempeleka shule ya kuuliza, na cha kwanza alichojifunza kwa ukamilifu ni kunyamaza kama mimi.

Anaamka asubuhi anaweka saa sikioni. Nilimuuliza anafanya nini, akasema, "Nachunguza tu."

Na hilo si lote. Mama Bakoly amefurahishwa na mchoro. Mwezi wa saba ukoo wao wanawatoa wafu wao kaburini, wanawavisha sanda mpya, na ameamua kwamba wakimaliza kwao waje Ambalasoa kuwasalimu wa kwetu. Anasema ni aibu, miaka kumi na hawajawaletea wakwe zao hata sanda moja. Ameshaagiza hariri kwa mfumaji. Anakuja na wapiga tarumbeta. Watakwenda moja kwa moja kwenye kaburi la akina Ramaro, na akina Ramaro watatoka nje kuuliza hawa ni nani.

Nimewaza kusema umekufa. Ona nilipofika. Nimewaza kumtoa Fitia shule na kuhama, nimewaza kuugua. Nimebaki na miezi mitatu.

Noro


Ambalasoa, 14 Aprili 2013

Mwanangu,

Nilikuficha, na nakuomba radhi. Mtoto aliniuliza uso kwa uso, ingawa kwa karatasi.

Sasa nisikilize mimi nisiyesikia. La kuvunda halina ubani. Akina Ramaro watatoka nje, na watasema kwa sauti, mbele ya tarumbeta, mbele ya Fitia. Kama ni lazima lisemwe, liseme kwa mdomo wako, nyumbani kwako, kwa mumeo kwanza. Siahidi kwamba itakuwa heri. Wapo wanaume waliofunga masanduku ya wake zao kwa neno hili. Mimi mwenyewe naogopa hata kuandika ushauri huu, nimeweka kalamu chini mara nne.

Lakini siwezi kumwacha mtoto apime masikio kila asubuhi kwa dhambi yangu. Mwambie saa aiache. Ile lawama ni yangu, nilimwaga pombe mimi.

Mama


Antananarivo, 9 Juni 2013

Mama,

Nimechelewa kwa sababu sikuwa na la kukuandikia isipokuwa hofu, na hofu ulishakuwa nayo.

Nilimwambia Tahina Jumapili iliyopita baada ya kanisa. Alikuwa anapiga viatu rangi. Nilisema yote: wale wanne, jiwe la akina Ramaro, mikaratusi. Aliendelea kupiga kiatu kilekile mpaka kikang'aa kama sahani, kingine akakiacha na vumbi. Siku tatu hakusema nami. Alikula, akalala, akaamka. Nilitoa sanduku langu juu ya kabati nikalipangusa, nikalirudisha.

Siku ya nne alikwenda kumwambia mama yake, kwa ajili ya ile hariri. Mama Bakoly akaja jioni hiyohiyo, hakuvua hata koti. Alikuwa na mchoro wa Fitia, ameukunja mara nne, akaniwekea kwenye cherehani. Akasema, "Kaburi letu lina mlango mmoja, na ufunguo ninao mimi." Alisema kwa upole, Mama. Angepiga kelele nisingeogopa hivi.

Fitia alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza, "Bibi, mimi nisiingie kwa nini?"

"Ndiyo desturi, mwanangu."

"Na desturi kwa nini?"

Alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta, kama mimi siku ile mbele ya beseni. Kisha akafunga vifungo vya koti, ambavyo vilikuwa vimefungwa tayari, akaondoka. Jumapili ya leo hakuja. Hatakwenda Ambalasoa, na sijui kama atavuka tena kizingiti changu. Nilichokiogopa miaka kumi kimetokea chote, na bado naogopa, sijui sasa nini.

Tahina aliuchukua mchoro akaukunjua. Akauona upande wa kaburi, akageuza, akaona mikaratusi. Halafu akasema neno la kwanza tangu Jumapili: "Wapo wangapi?"

Sikuelewa.

"Pale kwenye udongo. Sanda zinunuliwe ngapi?"

Nikamwambia sijui. Ni kweli, Mama, sijui, mwanamke wa miaka thelathini na minne. Akasema, "Basi muulize mama yako."

Nakuuliza.

Noro


Ambalasoa, 17 Juni 2013

Noro,

Wako wanne ninaojua walipolala. Wa kwanza babu yangu, yule aliyezaliwa na mtu wa mitungi miwili. Wa pili mama yangu. Wa tatu baba yako, unamjua.

Wa nne ni kaka yako. Alikutangulia kwa mwaka mmoja, akaishi siku arobaini, aliitwa Lova. Hukuwahi kuuliza, na mimi sikuwahi kusema.

Sanda yake iwe ndogo.

Mama